Mwalimu mkuu mpya: mchana natatua ya wengine, ya kwangu nafanya usiku. Mnapangaje muda?

Mkuu Mgeni:

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wote mlionitangulia kwenye utumishi.

Nimekabidhiwa shule ya msingi mwezi wa kwanza mwaka huu. Iko kijijini, wanafunzi karibu 700, walimu 11 pamoja na mimi. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa taaluma shule nyingine, na huko maisha yalikuwa na mpangilio: kengele ikigongwa naingia darasani, ikigongwa tena natoka. Tangu nikalie kiti cha ukuu sijui tena saa ya kuanza jambo wala ya kulimaliza.

Niwaeleze Jumanne iliyopita. Kabla ya saa 1 asubuhi nipo ofisini. Nimepanga kukagua maandalio ya masomo, halafu kipindi cha tatu nikakae nyuma ya darasa la sita nimwone mwalimu wa Hisabati akifundisha. Sijafunua daftari hata moja, mwalimu wa zamu huyo: waliochelewa wafagie au waingie darasani? Ametoka, ameingia mwalimu anaomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki. Baada yake mzazi mwenye uhamisho, na nikiwa namtafuta mwanawe kwenye PReM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, mtandao ukakata. Saa 4 grupu la kata likalia: zinatakiwa takwimu za madawati mazima na mabovu, mwisho saa 6 mchana. Nikatoka kuhesabu madawati darasa kwa darasa. Kurudi, fundi wa vyoo ananisubiri na habari ya saruji. Mwenyekiti wa kijiji naye akapita kutujulia hali, na huku kwetu mwenyekiti hapokelewi mlangoni. Watoto wanaruhusiwa kwenda nyumbani, maandalio yapo mezani yalivyokuwa asubuhi na Hisabati sijaiona. Hati za malipo na FFARS, yaani mfumo wa hesabu za fedha za shule, nikazifanya usiku nyumbani mpaka saa 5, mke wangu amelala.

Kinachoniuma zaidi ni vipindi vyangu vya Kiswahili darasa la saba. Watoto wale wana mtihani wa taifa Septemba.

Ushauri wa mitandaoni nimeusoma: amka saa 10 alfajiri, andika orodha, zima simu. Saa 10 niko macho siku zote. Orodha ninayo. Simu siwezi kuzima kwa sababu Afisa Elimu Kata ananitafuta humo humo. Ninaomba mliowahi kuongoza shule, zahanati, ofisi ya kijiji au popote penye watu, mniambie nyie mlifanyaje hasa. Naomba kuwasilisha.

Chaki na Vumbi:

Pole mkuu. Mimi sijawahi kuwa na cheo, ni mwalimu wa darasa tu, ila nikupe upande wa huku ofisi ya walimu maana naona haujautaja.

Muda wa mwalimu mkuu ukivurugika, unaoumia ni wetu. Mkuu akikumbuka tangazo saa 3 asubuhi, anamtuma mtoto: "Walimu wote ofisini mara moja." Tunaacha chaki tunakwenda. Kikao cha dakika 40 na walimu 10 ni vipindi 10, na kwa muda huo wote madarasa yameshikwa na viranja. Hakuna mahali popote pale kwenye ratiba patakaporudisha vipindi hivyo. Nimefanya kazi chini ya wakuu waliokuwa wanafanya hivi karibu kila wiki, na si kwamba walikuwa watu wabaya, walikuwa wanakumbuka mambo kwa kuchelewa.

Halafu akaja mama mmoja akatubadilishia utaratibu. Kikao ni Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho, na ajenda inabandikwa ubaoni tangu Jumatano, ukiwa na lako unaongeza kwa kalamu. Tangazo lisilohitaji mjadala linaandikwa kwenye daftari la matangazo, daftari linazunguka, kila mtu anasoma na kutia saini mapumzikoni. Maandalio ya masomo alikuwa anayasaini Jumatatu asubuhi amesimama pale pale kwenye meza yetu kabla ya mstarini, hatumfuati ofisini kupanga foleni. Ukitaka kujua walimu walimpendea nini yule mama, ni hicho. Tulikuwa tunafundisha.

Kwa hiyo mkuu, unapopanga siku yako, kwanza angalia siku yako inagusa siku za wangapi.

Bibi Mwalimu:

Marahaba mwanangu, na hongera ya kukabidhiwa shule. Mimi ni mstaafu. Nimeongoza shule za kijijini na moja ya mjini yenye mikondo, na ninayokwambia niliyafanya kwa mikono yangu.

Nimeisoma Jumanne yako mara mbili. Hebu na wewe isome tena, uniambie lipi kati ya yale lilikuhitaji wewe na si mtu mwingine. Mimi naona fedha ya fundi, naona mwenyekiti, basi. Mengine yote yalikuwa na wenyewe, ila wenyewe hawajaambiwa kwamba ni yao.

Tuanze na mwalimu wa zamu. Yule hakuja kukusumbua, wala si mvivu. Amekuja kwa sababu hajui ukimkuta amewaingiza darasani utasema nini, au ukimkuta amewafagilisha utasema nini. Anajikinga. Dawa yake ni kukaa na walimu wote mkakubaliana mara moja: mtoto aliyechelewa anaingia darasani, adhabu kama ipo inasubiri mapumziko, mtoto aliyeumia anapelekwa zahanati na mwalimu wa afya na mzazi anapigiwa simu, mgeni anaandikwa kitabu cha wageni kwanza. Yaandikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha zamu. Kuanzia siku hiyo akija na swali lililomo humo, usilijibu. Muulize, "Wewe umeamuaje?" Akikueleza, mwambie sawa, nenda.

Hapo pana jambo gumu na ndipo wakuu wengi wanaposhindwa. Utafika wakati ataamua tofauti na ambavyo ungeamua wewe. Kama hakuna mtoto aliyedhurika, uache uamuzi wake usimame. Ukiupindua mbele ya wenzake hata mara moja, kesho yake wote watarudi mlangoni kwako, na safari hii watakuja na yale ambayo zamani walikuwa wanayamaliza wenyewe. Nimewaona wakuu hodari, wachapakazi kweli kweli, wamezeeka kwa ajili ya hili tu.

Ruhusa na uhamisho mpe mwalimu mkuu msaidizi, na umpe vyote. Shule nyingi msaidizi anafanya kazi siku mkuu hayupo tu, akiwepo mkuu yule anabaki mwalimu wa kawaida mwenye jina kubwa. Msaidizi ndiye ajue nani hayupo leo na vipindi vyake nani anaviziba. Wewe utapewa taarifa mara moja, kabla ya mstarini.

Sasa takwimu. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limekula muda wa walimu wakuu wa nchi hii kuliko jambo lolote ninalolijua. Ujumbe unaingia saa 4, takwimu zinatakiwa saa 6, na kila mkuu wa kata nzima anatoka mbio kuhesabu. Lakini chunguza wanachokiomba: ni kile kile kikizunguka. Wanafunzi kwa darasa, wavulana na wasichana. Wenye mahitaji maalumu. Walimu kwa jinsi na daraja. Madawati mazima, mabovu, pungufu. Vyumba vya madarasa. Nyumba za walimu. Matundu ya vyoo, na hapo wanataka uoanishe na kiwango, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Vitabu kwa somo na darasa. Basi nunua kaunta buku moja nene. Kila jambo lipe ukurasa wake, upande wa kushoto uandike majina ya madarasa kuanzia awali mpaka la saba, juu uchore safu ya kila mwezi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi kila mwalimu wa darasa anajaza mstari wake mwenyewe. Anayelijua dawati lililovunjika mguu ni yeye na kiranja wake, si wewe. Daftari linakaa mezani kwako, halitoki ofisini. Mimi ujumbe wa namna hiyo ulikuwa ukiingia nafungua, nanakili, natuma, chai haijapoa. Mpaka Afisa Elimu Kata akawa anashangaa mtandao wa kwetu una nini.

Fedha ipe siku yake. Ruzuku ya uendeshaji unaijua: 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na inayoingia akaunti ya shule ni 6,000, nyingine ni ya vitabu. Kwa watoto 700 ni 4,200,000 kwa mwaka, yaani kama 350,000 kwa mwezi ikija yote. Fedha hiyo si nyingi, lakini kila shilingi yake ina dokezo, muhtasari wa kamati, hati ya malipo, risiti na kuingiza kwenye mfumo. Karatasi za kununulia boksi moja la chaki zinakaribia kulingana na za kununulia maboksi kumi. Kwa hiyo usinunue kila kitu kinapoisha. Weka daftari la mahitaji kwa msaidizi, walimu waandike humo mwezi mzima, halafu Alhamisi moja unakaa na mhasibu wako wa shule, yule mwalimu mliyempa kazi ya fedha, mnaandaa vyote kwa pamoja. Safari ya halmashauri nayo iwe moja: benki, manunuzi, ofisi ya elimu, stationeri, unarudi. Fundi akija Jumanne anaambiwa malipo ni Alhamisi. Atanung'unika wiki ya kwanza, ya pili atakuja Alhamisi. Na kazi ya mfumo ifanyike Alhamisi hiyo hiyo mchana, usiku ni wa mkeo na watoto wako.

Darasa la saba usiwaache. Mwombe mwalimu wa taaluma akupangie vipindi vyako viwe vya kwanza na vya pili asubuhi. Saa 2 kamili uko ubaoni, saa 3 na dakika 20 umemaliza, na kijiji kizima kinajua kwamba saa hizo mkuu yuko darasani. Anayekuja kabla ya hapo anakaa kwenye benchi chini ya mwembe, anasubiri, na wala hachukii, kwa sababu anasikia sauti yako inafundisha. Ukitoka hapo unaingia darasa la mwenzako moja kwa moja, chaki bado ipo mkononi, kabla ya kupitia ofisini. Ukipitia ofisini umekwisha.

Mwenyekiti wa kijiji mpokee, mpe kiti, mpe nusu saa yake. Hiyo nusu saa usiihesabu kwenye muda uliopotea. Mkihitaji mawe na mchanga wa darasa jipya, au mkiwa na binti wa darasa la sita anayeandaliwa kuozwa, ndiye wa kwanza utakayemkimbilia, na atakumbuka ulivyomketisha.

Mkuu Mgeni:

Asante sana Bibi, na asante Chaki na Vumbi, umenigusa pale penyewe. Kaunta buku nimeshanunua leo.

Nina maswali mawili. La kwanza, msaidizi wangu amenizidi umri sana, amefundisha shule hii tangu mimi niko sekondari, na nadhani alitegemea kiti hiki angepewa yeye. Namwambiaje "ruhusa shika wewe, uhamisho shika wewe" bila aone kijana anamtuma? La pili, nikiwa darasani saa 2 hadi saa 3 na dakika 20 na simu ya Afisa Elimu Kata ikaita, nafanyaje?

Mfawidhi:

Salaam kwenu. Mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati, watumishi tuko wanne. Nimesoma yote nikaona yanafanana na ya kwangu, ila kuna sehemu na Bibi Mwalimu tutatofautiana kidogo, kwa heshima.

Habari ya kila kitu kuwa na siku yake na saa yake ni nzuri kama unachokiongoza kina kengele. Mimi mama anayetaka kujifungua haji kwa ratiba. Niliacha zamani kupanga siku nzima. Najua dharura zitakuja, sijui tu zitakuja saa ngapi, kwa hiyo naziachia nafasi yake kabla hazijafika. Asubuhi ni ya wagonjwa na kliniki ya watoto na wajawazito. Zaidi ya hapo najiandikia kazi za uongozi mbili, ikizidi tatu, kwa siku. Zikiisha na hakuna aliyeletwa kwa pikipiki, nachukua ya nne. Mwenzangu ukijiandikia kumi, saa 4 asubuhi umeshashindwa, na mtu aliyeshindwa saa 4 anafokea watu mpaka jioni. Nadhani hata shuleni ni hivyo, mtoto akianguka kifafa mstarini hakuna cha Alhamisi.

Lakini kwenye takwimu nipo na Bibi asilimia mia. Sisi tuna vitabu vya MTUHA, ndiyo rejesta za taarifa za huduma za afya. Wagonjwa wa nje kitabu namba 5, wajawazito namba 6, waliojifungua namba 12, na vingine. Mwanzo wa kila mwezi ripoti inatakiwa wilayani. Zahanati nyingi zinasubiri mwezi uishe, halafu watu wawili wanafungiwa chumbani kuhesabu vijiti kurasa kwa kurasa, malaria chini ya miaka mitano, malaria zaidi ya miaka mitano, na wagonjwa wako nje wanasubiri. Sisi kila siku, wagonjwa wakipungua mchana, muuguzi aliye zamu anajumlisha ukurasa wa siku hiyo na kuandika jumla kwa penseli chini. Mwezi ukiisha tunajumlisha jumla. Ripoti inatoka siku ile ile. Na faida nyingine ambayo sikuitarajia: kuhara kukianza kupanda kijijini tunaona ndani ya wiki, hatusubiri ripoti.

Na lile benchi chini ya mwembe. Mwanafunzi wako anaweza kuwa na bibi aliyetembea kutoka kitongoji cha mwisho, ameacha mgonjwa ndani. Muweke mtu, hata mlinzi au mpishi wa uji, ambaye kazi yake ni kuuliza kila anayekaa pale: umetoka wapi, una shida gani, inaweza kusubiri? Sisi tunawapitia watu benchini hivyo kila asubuhi kabla hatujaanza kuita majina, maana aliyekuja wa kwanza siyo lazima awe ndiye mgonjwa zaidi. Anayeweza kusubiri atasubiri kwa moyo mweupe akijua ameulizwa.

Bibi Mwalimu:

Mfawidhi, la benchi nimelipokea, liko sawa kabisa. Na kazi tatu kwa siku pia, mradi maandalio ya walimu na vipindi vyako visihesabiwe humo, hivyo ni vya lazima mvua inyeshe jua liwake.

Mkuu Mgeni, kuhusu msaidizi wako. Usimwite ofisini. Mfuate nyumbani kwake jioni, umwamkie, mle alichonacho, halafu umwambie ukweli: mwalimu, shule hii unaijua kuliko mimi, walimu na wazazi unawajua majina na ukoo, mimi naelemewa. Mweleze kazi zilizopo na umuulize yeye anaona zipi azishike. Utashangaa, mara nyingi anachukua zaidi ya ulizokuwa umemkusudia, kwa sababu amechagua. Kikao cha kwanza kinachofuata utangaze mbele ya wote: kuanzia leo ruhusa ni kwa mwalimu fulani, akisema hapana ni hapana, msije kwangu kukata rufaa. Atakuwa anakuangalia siku ile mwalimu wa kwanza atakapokuja kukata rufaa. Mrudishe kwake hapo hapo, hata kama unaona ruhusa ilistahili. La kumshauri mshauri mkiwa wawili.

Kama kweli alikitarajia kiti, hasira yake haiondoki kwa kumwachia apumzike pembeni. Inaondoka akiwa na kitu chake cha kushika.

Afisa Elimu Kata nenda kamwone kwake, usimwandikie ujumbe. Mpelekee nakala ya ratiba yako, mwonyeshe vipindi vya darasa la saba, mwombe simu ya saa hizo aipige kwa msaidizi, ambaye kaunta buku analo mkono wa karibu. Mwambie unataka kupandisha ufaulu wa Kiswahili Septemba. Ufaulu wa kata ni kazi yake pia na anaulizwa huko juu, hawezi kukukatalia. Wengi hawajawahi kuombwa hivyo, ndiyo maana wanapiga wakati wowote.

Simu yenyewe iache kwa msaidizi ukiingia darasani, usiende nayo mfukoni. Watoto wanaiona inavyotetemeka na wanajua unaisubiri.

Na Ijumaa hii fanya kikao cha yule mwalimu wa chaki, ajenda ibandikwe Jumatano, jambo liwe moja tu: nani anaamua nini. Ukurasa wa kitabu cha zamu uandikeni pale pale, walimu wote watie saini, msaidizi aanze. Nitakuwa napita hapa, utuandikie mlivyokubaliana.